Gurudumu la Waithira na mayai 264 ya Beth

Saa mbili asubuhi, Jumanne, ukungu bado umeilalia Gatitu, nje ya mji wa Nyeri, na magari yanapita barabarani yakiwa yamewasha taa. Ndani ya kibanda cha mabati chenye upana wa hatua nne, Waithira Gachanja amepiga magoti mbele ya gurudumu la baiskeli lisilo na tairi. Amevaa jaketi mbili na kofia ya sufu iliyoshuka hadi kwenye nyusi. Sikio lake la kushoto liko karibu na rimu kiasi kwamba mpita njia angedhani anaomba.

Gurudumu linazunguka lenyewe. Halina mnyororo wala mkono wa mtu.

"Sikiza," anasema bila kugeuka. "Hapo inalia. Bado haijafurahi."

Vidole vyake vimeshika kitufe cha sauti kilichong'olewa kwenye redio iliyokufa zamani. Anakizungusha kidogo mno, hata huwezi kuona kama kimesogea. Mlio unashuka na kuwa mzito. Anatupia jicho mita mbili zilizotundikwa ukutani, anauma mdomo, anakirudisha kitufe kule kilikotoka.

Keshokutwa, Alhamisi, umeme utakatwa Wamagana na vijiji vya jirani kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa duka la pembejeo. Huko Wamagana, mama mmoja anayeitwa Beth Wamuyu ana mayai 264 ndani ya mashine ya kuangulia vifaranga, na siku hiyo yatakuwa yametimiza siku ya kumi na tisa. Yamebakiza siku mbili yapasuke. Jenereta la pekee pale kijijini limekodishwa kwa mazishi. Kitakachoyapa mayai joto kwa muda huo wote, katika baridi hii ya Julai, ni betri kuukuu iliyo sakafuni karibu na goti la Waithira.

"Nikikosea hapa," anasema, "kuna vitu vitakufa huko. Na si mara ya kwanza."

Waithira ana umri wa miaka 49. Kwa watu wa Gatitu yeye ni Mama Nyawira wa betri. Wengine, wakiwa hawapo karibu naye, humwita mama wa gurudumu, na wapo wanaoapa kwamba anatengeneza umeme kwa kutumia baiskeli. Jambo hilo humkera kuliko deni.

"Hakuna umeme ya bure," anasema, na hapo ndipo anaponitazama kwa mara ya kwanza. "Mtu akikuambia iko, shika mfuko yako vizuri. Hii gurudumu inakula mingi kuliko ile inatoa. Mimi naijua, nimeipima."

Basi ina kazi gani? Ukitaka kuelewa, ni lazima uchuchumae. Kwenye rimu amebandika sumaku kumi na mbili alizozing'oa kwenye spika zilizoharibika. Chini ya rimu ipo koili ya waya wa shaba iliyofungwa kwenye kigurudumu cha plastiki, na ndani ya koili amesokomeza vipande vya fito za kuchomelea vyuma. Kila sumaku inapopita, tranzista moja iliyofungwa juu ya kipande cha sufuria hufungua umeme kutoka kwenye betri nzima, koili husukuma sumaku, kisha tranzista hukata ghafla. Umeme ulionaswa ndani ya koili hukosa pa kwenda, ukaruka kwa nguvu na kuipiga betri ya pili, ile mgonjwa. Pigo moja ni dogo. Lakini gurudumu hupiga mara mamia kwa dakika, mchana kutwa, kwa siku nyingi.

Betri za zamani, anaeleza, hufa kwa sababu ya ukoko mweupe unaoganda kwenye bati zake za ndani. Chaja ya kawaida ikiwekwa kwenye betri kama hiyo huichemsha maji tu. Mapigo ya gurudumu huumenya ule ukoko polepole. Si betri zote zinazokubali. Kwa hesabu yake mwenyewe, katika kila kumi nne hufufuka, na sita humrudishia mwenye betri akazililie nyumbani.

Hatozi kitu kwa betri iliyokataa. Iliyofufuka hulipiwa Sh1,500, wakati mpya ya ukubwa huo haipatikani chini ya Sh17,000. Mwezi mzuri humwachia kama Sh14,000. Wateja humjia kutoka Nyeri mjini, Karatina, hata Kutus.

Kazi ya waya hakuianza jana. Akiwa msichana wa miaka ishirini aliajiriwa kufagia karakana ya kufunga upya mota za pampu mjini Nyeri, karakana ya Mzee Ambalal. Ndani ya mwaka mmoja fagio lilikuwa la mtu mwingine na yeye alikuwa mezani. Alikaa miaka kumi na sita.

"Mzee Ambalal alikuwa anataka uhesabu mizunguko ya waya kwa sauti," anakumbuka. "Alisema, 'Ukinyamaza, utajidanganya.' Mpaka leo nikifunga koili nahesabu kama mtoto wa nasari. Mzee yangu hunicheka sana."

Mzee wake ni Muriithi, fundi wa mawe, mtu wa maneno machache na utani mwingi. Mke alipoanza kukusanya sumaku za spika, Muriithi aliwaambia majirani kwamba wake zao huenda kwenye chama cha akiba na wa kwake anakwenda kwenye takataka. Lakini ni yeye aliyechonga jiwe linaloshikilia ekseli ya gurudumu, akalisawazisha kwa timazi asubuhi nzima.

Kazi ya kufunga mota ilikufa pampu mpya zilipokuwa rahisi kuliko kukarabati za zamani. Mzee Ambalal alifariki, karakana ikageuzwa kuwa duka la vipuri linaloendeshwa na mke wa mwanawe, Jayshree. Waithira akarudi Gatitu na mikono yake tu, akaanza kuchaji betri za watu. Binti yake Nyawira, anayesomea umeme katika chuo cha ufundi, ndiye aliyemwonyesha kwenye simu jinsi watu wa mbali wanavyochezea magurudumu ya namna hii. Wengi wao walikuwa wakitafuta huo umeme wa bure. Waithira aliona kitu kingine.

"Hawakuwa wanaangalia betri. Walikuwa wanaangalia gurudumu, vile inaenda mbio," anasema. "Mimi nikaangalia betri."

Mbio ndizo zinazowapoteza wengi. Asiyejua hukizungusha kitufe mpaka gurudumu livume, akafurahi. Kumbe kasi hiyo inakula umeme mwingi na kupiga kwa udhaifu. Kulitega gurudumu sawasawa ni kutafuta mahali pamoja padogo ambapo mita ya kulia, inayoonyesha kinacholiwa, imeshuka chini kabisa, na ya kushoto bado inapanda. Mahali hapo huhama. Baridi hupahamisha, na betri nyingine hupahamisha pia. Ndiyo maana ameweka sikio.

Basi ni nini kilichotokea ile mara ya kwanza?

Swali hilo lilipoulizwa, Waithira alikiacha kitufe. Alijifuta mikono kwenye sketi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mwaka jana Beth alimletea betri hiyohiyo. Baada ya siku nne za gurudumu mita ilisoma volti 12.9, namba nzuri kuliko ile ya betri mpya. Waithira alifurahi. Aliitoa kwenye gurudumu na saa hiyohiyo akaipakia kwenye bodaboda. Hakuipumzisha. Hakuifungia balbu kuona itaiwasha kwa muda gani. Hakujua bado kwamba betri iliyotoka kupigwa na gurudumu huwa na volti za juujuu, mithili ya maziwa yaliyofura kwenye sufuria: ukiyaondoa motoni yanarudi chini, na unagundua sufuria haikujaa.

Jioni ile umeme ulipotea. Beth aliunganisha betri, akaona taa ya mashine inawaka, akalala. Betri ilikaa dakika hamsini. Asubuhi mayai 180 yalikuwa ya baridi kama mawe ya mtoni.

"Aliyavunja moja moja nyuma ya kibanda cha kuku," Waithira anasema. "Yai ya siku ya kumi na nne tayari iko na macho. Iko na miguu. Beth hakunitukana. Aliniuliza tu, 'Mama Nyawira, kwani mita yako hudanganya?' Ningetukanwa ningesikia afadhali."

Jumamosi iliyofuata alipanda hadi Wamagana na kikapu kichwani. Ndani yake walikuwamo kuku wawili wa kienyeji waliokuwa wanatamia. Alipofika alisema lililomjia mdomoni: "Hawa hawatumii betri." Beth alicheka na kulia kwa pamoja.

Tangu siku hiyo Waithira alijiwekea sheria. Betri ikitoka kwenye gurudumu hulala siku nzima bila kuguswa. Kisha hufungiwa balbu ya taa kubwa ya gari, naye hukaa hapo na saa mpaka betri ichoke. Muda iliodumu huandikwa ubavuni mwake kwa rangi nyekundu ya kucha, ambayo Nyawira huitafuta chumbani na kuikosa. Haandiki volti. Betri isiyo na muda ubavuni haitoki kibandani.

Na mwezi uliopita, Beth akarudi na betri ileile. Wamagana nzima ingemwelewa kama angekwenda kwingine. Waithira alipomuuliza kwa nini amemrudia yeye, alijibiwa: "Wewe ushakosea. Hao wengine bado."

Ubavuni mwa betri ya Beth zipo namba nne, moja chini ya nyingine, kila moja baada ya mzunguko mmoja wa kuijaza na kuimaliza: dakika 25, saa 2 na dakika 40, saa 5, saa 7 na dakika 10. Mashine ya Beth inakula zaidi kidogo kuliko balbu, na Alhamisi inahitaji muda wa saa nane. Tangu Jumamosi betri inajazwa kwa mara ya tano. Mpango ulikuwa ijae Jumanne, ilale, ipimwe Jumatano, kisha ijazwe usiku huo kwa chaja ya kawaida, ambayo betri huikubali ukoko ukishamenyeka.

Hapa mwandishi wa makala haya hana budi kukiri jambo. Zile namba nyekundu zilinipendeza. Nikamwomba Waithira aigeuze betri kidogo zielekee mlangoni, kwenye mwanga, ili picha itoke vizuri.

Mgeni akikuomba kitu unakifanya. Waithira aliinua klipu ya betri kwa mkono wa kushoto, kama anavyofanya mara mia kwa wiki, na kwa kulia akashika mpini. Gurudumu lilikuwa bado linazunguka.

Taa mbili ndogo zilizofungwa kando ya koili ziliwaka rangi ya chungwa. Kukasikika *ta*, mlio mdogo kama wa kijiti kinachovunjika, na kibanda kikanuka plastiki iliyoungua. Gurudumu likapunguza mwendo, likasimama.

Yale mapigo yaliyokuwa yakiingia kwenye betri yalikosa mlango. Yakarudi na kuiua tranzista. Zile taa ndogo ziliwekwa zimeze pigo la namna hiyo, lakini siku hiyo halikumezeka.

Waithira aliketi juu ya jerikeni. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Miaka saba," alisema. "Miaka saba nawaambia watu: simamisha kwanza, ndio utoe klipu." Nilianza kuomba msamaha, akanikatiza kwa kiganja. "Wewe umeomba picha tu. Mkono ni yangu."

Kulia hakulia. Lakini alipotaka kufunga kamba ya kiatu ili aende mjini, alijaribu mara tatu vidole vikakataa, akatoka kamba ikiburuta.

Mjini Nyeri, maduka mawili ya kwanza yalikuwa na tranzista za aina hiyo. Waithira alizipima uzito kwenye kiganja na kuzirudisha. Za bandia ni nyepesi, alinong'ona. Zitakaa nusu saa. Saa tano na nusu tuliingia kwa Jayshree, mama wa miaka sitini hivi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuwa akihesabu boliti.

"Umekonda," Jayshree alisema badala ya salamu. "Nini imeungua?"

Waithira alimweleza. Jayshree hakuuliza la pili. Alipanda ngazi fupi, akavuta droo ya juu kabisa, akashuka na kitu kilichofungwa kwenye kipande cha gazeti la zamani lililogeuka manjano.

"Hii ni ya wakati ya baba-mkwe. Ya kweli. Iko moja tu. Ukichoma hii, Waithira, hata mimi siwezi kukusaidia."

Waithira alifungua mkoba. Jayshree akaufunga kwa mkono wake mwenyewe. "Wachana na hiyo. Kwanza niletee habari ya mayai."

Kubadilisha tranzista kulichukua robo saa. Kulitega gurudumu upya kulichukua mchana wote, kwa kuwa tranzista nayo huja na tabia zake. Mahali pale padogo alipopajua kwa sikio palikuwa pamehama. Alikizungusha kitufe mpaka mwanzo, akaanza upya. Gurudumu liliyumba, likavuma, likalia. Mara moja zile taa ndogo zilimemeta, akaruka nyuma na kushika kifua. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Muriithi alirudi kutoka kazini akiwa na vumbi la mawe hadi kwenye kope. Aliona uso wa mkewe, akameza utani wake, akaweka kikombe cha chai karibu naye na kusimama mlangoni ili watu wasiingie.

Saa kumi na moja kasorobo mlio ulishuka ghafla, ukawa laini kama wa cherehani iliyotiwa mafuta. Mita ya kulia ikalala. Ya kushoto ikaanza kupanda. Waithira aliondoa mkono kwenye kitufe polepole, kidole kimoja baada ya kingine.

"Hapo," alisema. "Hapo hapo. Mtu asipige hata chafya."

Lakini siku ilikuwa imeliwa. Sasa betri haingeweza kujaa kabla ya Jumatano jioni. Na hapo palikuwa na fundo ambalo hakuna kitufe cha kulifungua: akiipima kwa balbu ataimaliza, na hakuna muda wa kuijaza tena. Asipoipima, atakuwa anampa Beth betri kwa kuamini mita, sawasawa na mwaka jana.

Jumatano saa nne asubuhi alimpigia Beth simu. Alisimama wima alipokuwa akiongea, kama mtu aliye mbele ya hakimu.

"Beth, nataka nikuambie ukweli. Nilichoma kitu jana, ni makosa yangu. Betri itajaa, lakini sitaweza kuipima. Ile namba niko nayo ni saa saba na dakika kumi. Siwezi kuapa inafika nane."

Jogoo aliwika upande wa pili wa simu.

"Sasa unaniambia nifanye nini?" Beth aliuliza.

"Sikuambii. Ni mayai yako. Lakini ukikubali, nitakuja nayo mwenyewe na nitakaa nayo mpaka stima irudi. Safari hii hakuna mtu analala."

"Kuja," Beth alisema. "Na uje na blanketi."

Alhamisi Wamagana iliamka na manyunyu. Chumba cha mashine kiko nyuma ya jiko la Beth, kuta zake zimezibwa kwa magunia. Betri ilikuwa imefika na bodaboda, imefungwa kwa mipira na kuvikwa sweta la Muriithi. Nafasi ya tano ubavuni mwake ilikuwa wazi.

Saa tatu kamili taa ya chumba ilizimika. Waithira aliunganisha klipu mbili. Mashine ilinguruma, feni ikazunguka. Mita ikasoma 12.5.

"Inaonekana nzuri," nilisema.

"Mwaka jana pia ilionekana nzuri," akajibu Beth. Hakusema kwa ubaya, lakini Waithira aliinamisha macho.

Beth ana miaka 38 na watoto watatu, na vifaranga wa mzunguko huu ameshawaahidi wanawake kumi na mmoja wa kikundi chao. Alipanga kazi kama jenerali. Mashine ilifunikwa kwa blanketi mbili, matundu ya hewa yakiachwa wazi. Jikoni maji yalitokota, yakatiwa kwenye madumu na madumu yakapangwa kuizunguka mashine. Wale kuku wawili wa kikapuni, ambao safari hii walikuwa wanatamia tena, waliletwa wakawekwa kwenye kona ndani ya karai lenye nyasi. Wakibanana, kila mmoja angeweza kufunika mayai kumi na tano.

"Thelathini kati ya mia mbili sitini na nne," Beth alisema. "Si kitu. Lakini pia si sufuri."

Saa saba mchana: 12.1. Waithira alikataa chakula. Saa tisa: 11.8. Alianza kuhesabu dakika kwa sauti ya chini, jinsi alivyofunzwa kuhesabu mizunguko ya waya, na Beth hakumwambia anyamaze. Saa kumi na dakika kumi walipita ile saa saba na dakika kumi ya balbu. Kuanzia hapo walikuwa wanatembea mahali ambapo betri hiyo haikuwahi kufika.

Saa kumi na moja kamili: 11.4. Wote walitazama balbu ya darini. Haikuwaka.

Dakika kumi zikapita. Ishirini. Mashine hujizima yenyewe ikifika 10.8, na betri iliyochoka ikianza kuteremka haiteremki kwa ngazi, huporomoka. Mita ilisoma 11.3. Beth alipiga magoti na kuingiza mkono chini ya blanketi, akaubandika kwenye kioo.

"Siku ya kumi na tisa yai liko na moto yake," alisema, labda akimwambia Waithira, labda akijiambia mwenyewe. "Si kama zile zingine. Hizi zitajisaidia kidogo. Zitajisaidia."

Waithira alimshika bega. Walikaa hivyo.

Saa kumi na moja na dakika arobaini, balbu iliwaka. Mita ilisoma 11.2.

Mwandishi huyu alipiga makofi, na peke yake. Beth alikuwa amekaa sakafuni akihema. Waithira alitoa klipu, moja kisha nyingine, baada ya kuzima mashine kwanza. Mfukoni mwake ile chupa ya rangi ya kucha ilionekana wazi.

"Andika basi," nilimwambia. "Saa nane na dakika arobaini."

"Niandike nini?" Alinitazama kama mtu asiyeelewa. "Yai ni yai. Kwa nje yote ni mazima. Hata zile za mwaka jana zilikuwa mazima kwa nje."

Akaondoka na chupa yake. Usingizi, aliniambia baadaye, haukumjia siku mbili hizo. Ijumaa alifungua kibanda, akasimamisha gurudumu mara tatu bila sababu, akafunga saa sita.

Simu ilimpata Jumamosi saa tatu asubuhi akiwa anateka maji. Beth hakusema halo. Aliisogeza simu kwenye kioo cha mashine, na Waithira akasikia vifaranga wakilia. Aliweka mtungi chini pale pale njiani. Majirani wanasema alikaa juu ya majani ya ng'ombe ya nepia yaliyolowa, akalia mpaka Muriithi akatoka mbio akidhani kuna msiba.

Vifaranga 221. Mayai 43 hayakupasuka, na Beth anasema hiyo ni idadi yake ya kawaida hata umeme usipopotea. Thelathini wa kwanza amewapa wale kuku wawili wawalee, maana wamevumilia vya kutosha.

Waithira ana mipango, na inamfanya aongee haraka. Muriithi anamchongea kifuniko cha mbao cha kufunika klipu, kitakachofunguka tu gurudumu likiwa limesimama, "kwa sababu mdomo yangu imeonekana haitoshi." Nyawira akimaliza chuo mwakani wanataka kufunga gurudumu la pili, na Waithira ameshawaambia wateja wa Kutus wasubiri. Habari za mayai alimpelekea Jayshree kwa miguu. Jayshree aliondoa miwani na kuifuta, kisha akamwambia tranzista ni zawadi ya mzee, asirudi kuuliza bei.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumamosi ile, kabla ya mpango wowote, alipanda Wamagana akiwa bado na tope la nepia kwenye sketi. Betri ilikuwa pale alipoiacha. Beth akaivuta hadi mlangoni kwenye mwanga, akaigeuza ubavu wenye namba umwelekee Waithira.

Waithira alifungua chupa. Akaandika vibaya, akafuta kwa kidole, akaandika tena: saa 8, dakika 40.

Beth alisoma. Kisha akamnyang'anya ile brashi, na chini yake, kwa herufi kubwa zilizopinda, akaongeza mwenyewe: 221.